Maiki ya Bei na Jina la Rehema

Vijana wangu wa studio, siku ile ya kuniaga mliniuliza swali keki ikiwa bado mdomoni. Mlikuwa watatu, wote mmetoka chuoni kule Chimwaga na vyeti vyenu vya utangazaji, na yule mrefu wenu, Baraka, ndiye aliyelitoa. "Mama Yona, umekaa na mitambo miaka thelathini. Tuambie ukweli. Maiki ya bei mbaya na hii ya bei poa, ipi inasikika vizuri?" Nikajibu kwamba inategemea, mkacheka. Lile halikuwa jibu. Nilikuwa nimechoka, viatu vinanibana, nataka kukaa. Halafu mkanipa zawadi ya hedifoni za bei mbaya, na mimi sikio la kushoto limeanza kunisaliti tangu mwaka juzi. Ahsanteni hata hivyo.

Sasa nimekaa. Niko nyumbani Makole, miguu juu ya stuli, sina pa kuwahi. Nitawajibu, ila jibu ni refu na mwisho wake haunipendezi hata mimi.

Nilipoanza hatukuwa redio. Tulikuwa studio ya kurekodi kwaya, vyumba viwili vya kupanga hapa hapa Makole, kuta zimefunikwa mablanketi na trei za mayai. Paa lilikuwa la bati tupu, mvua ikinyesha kazi inasimama. Hilo halikutusumbua sana, kwa mvua zenyewe za Dodoma. Kilichotusumbua ni upepo. Kuanzia mwezi wa sita vumbi lilipita chini ya mlango, likalala juu ya kila kitu chenye kuzunguka, na kazi yangu ya kwanza, siku ya kwanza kabisa, ilikuwa kufuta vichwa vya kinasa sauti kwa pamba na spiriti. Nilifuta mpaka saa sita mchana. Hakuna aliyenieleza kwa nini.

Aliyeniachia pamba hiyo alikuwa Mzee Sospeter, fundi mitambo wetu, Mgogo wa Kongwa, mwembamba, amevaa koti hata jua likiwa la kupasua mawe. Saa sita akaja, akasema "Mbukwa," nikaitikia, akanivisha hedifoni zilizofungwa kwa utepe mweusi. "Sikiliza. Umesikia tak?" Nikasema nimesikia. "Huyo ni kunguni. Vumbi limekaa kwenye kanda. Ukimsikia, mkamate, muue." Akachukua wembe, akakata kipande cha kanda chembamba kama ukucha, akaunganisha ncha mbili kwa gundi, akanisikilizisha tena. Tak ilikuwa imeondoka na wimbo unaendelea kama kawaida.

Basi tangu siku hiyo kila mlio mfupi usiotakiwa pale studioni uliitwa kunguni. Hata nyinyi mmelikuta neno hilo, mnalitumia, na sidhani kama kuna aliyewaambia lilikotoka. Mimi nilikuwa muuaji mzuri. Baada ya miaka michache nilikuwa namsikia kunguni kabla hajafika, na Mzee Sospeter alikuwa akinisifu kwa njia yake, yaani kwa kuacha kunikagua.

Neno lake la pili lilikuwa shahidi. Shahidi kilikuwa kinasa kidogo cha kanda, cha plastiki, cha bei ya chini kuliko vyote dukani, kifuniko chake kinafungwa kwa kamba ya mpira. Kila tulipotoka kwenda kurekodi, mtambo mkubwa unawekwa mbele na shahidi anawekwa pembeni juu ya kiti, anarekodi kimya kimya. Kabla gari halijaondoka Mzee angeuliza, "Shahidi yuko wapi?" Nisipokuwa naye, tunarudi. Niliwahi kumwambia kwamba sauti ya kile kinasa ni mbaya, inakwaruza. Akaniangalia. "Umeona wapi shahidi akaulizwa kama ana sauti nzuri?"

Siwafichi, nilimwona mshamba. Nilipenda vitu vya bei. Wafanyabiashara walikuwa wakileta vitabu vya picha za mitambo, navisoma kama wengine wanavyosoma barua za uchumba. Tulipopata maiki yetu ya kwanza ya maana, niliipeleka kwa akina mama wa kwaya moja kule Mvumi wanaopiga muheme, zile ngoma ndefu zinazobanwa mapajani. Nikaiweka karibu kabisa na ngoma, ili ile thamani isipotee bure. Ngoma ya kwanza tu maiki ikakoroma, ya pili ikanyamaza. Wimbo uliokwenda kwenye kanda ya kuuzwa ukatoka kwa shahidi, aliyekuwa kwenye kiti hatua kumi nyuma, na watu waliununua. Njia nzima ya kurudi Mzee Sospeter alimpakata shahidi mapajani. Afadhali angenigombeza.

Miaka ikaenda, tukawa redio, tukahamia Area D kwenye jengo lenye dari na kiyoyozi. Mkurugenzi akataka spika mpya za studio, na mimi ndiye niliyemshawishi achukue za bei kubwa. Zilipofika, Mzee Sospeter, akiwa amebakiza miezi michache astaafu, akaomba ruhusa afanye mchezo. Akatupanga wafanyakazi wote, mkurugenzi akiwemo, tumegeukia ukutani kama watoto wa chekechea. Akacheza taarifa ya habari kwenye spika mpya, kisha kwenye zile kuukuu, kisha akachanganya. Kila mtu anyooshe mkono akisikia za bei.

Nilinyoosha mkono kwa uhakika wote. Nilikosea mara tatu kati ya nne. Mkurugenzi alikosea mara mbili. Aliyepatia zote ni dada wa usafi, na alipoulizwa amejuaje, akasema kwenye zile mpya mtangazaji anasikika ana mafua. Kweli alikuwa na mafua. Tukamgeukia Mzee Sospeter, tukamwuliza yeye anasikia tofauti gani. Akasema, "Mimi kote nasikia mtangazaji ni yule yule."

Mngedhani mtu angejifunza hapo. Sikio la kufa halisikii dawa. Niliona aibu, na aibu ile ikanifanya niamini mitambo ya bei zaidi, kama mtu aliyeoa vibaya anavyozidi kumsifu mke mbele ya watu. Mzee akastaafu, akarudi Kongwa, akafariki baada ya miaka miwili. Shahidi nikamweka kabatini.

Nikawa fundi mkuu. Tukapata maiki nyingine, ya bei kuliko zote, na kompyuta yenye programu ya kusafisha sauti. Na hapa nataka niwe mkweli kwenu, maana mliuliza ukweli: ile maiki ilikuwa nzuri. Si mchezo. Ilisikia mtu anavyomeza mate. Ilisikia pete ikigusa kikombe. Anayewaambia hakuna tofauti hajawahi kukaa na maiki kama ile kwenye chumba kimya. Programu nayo ilikuwa na kitufe chake kwenye kibodi, cha kuondoa milio midogo midogo, na mimi kwa mkono wangu nikakipa jina kwenye karatasi ya gundi: KUNGUNI. Kazi ya wembe ya saa nzima ikawa ya kubofya mara moja.

Mwaka huo tulikuwa na kipindi cha wazee. Nikatumwa Chemba, upande wa Wasandawe, kumrekodi bibi mmoja aliyesifika kwa hadithi. Nilikwenda na dereva na maiki ya bei kwenye sanduku lake lenye sponji. Shahidi alibaki kabatini. Sikumsahau. Nilimwona, nikafunga mlango wa kabati.

Bibi Mwanaidi alikuwa mgonjwa tayari, amekaa uani juu ya ngozi, kifua kinampiga. Nyumbani alikuwepo yeye na jirani, mwanamke wa Kirangi aliyempikia uji. Aliongea Kiswahili nami, taratibu, kila neno akilitafuta, kisha akaingia kwenye lugha yake na hapo akawa mtu mwingine. Kisandawe kina vidoko. Mnajua kidoko, ule mlio wa ulimi tunaoitia punda au kuku. Kwao ni herufi, kimo ndani ya maneno kama ilivyo kwetu b na k. Mimi nimezaliwa mkoa huu, nimewasikia mnadani tangu utotoni, na kitu pekee nilichowahi kufanya na lugha ile ni kuiigiza ili wenzangu wacheke. Maiki ilivishika vidoko vyake vikali mno, sindano ya kipimo inaruka kwenye nyekundu kila mara. Nilikereka.

Alipomaliza hadithi akaniambia nisizime. Binti yake, Mwalimu Zainabu, alikuwa anafundisha Dodoma, amebakiza wiki chache ajifungue. "Mwambie, mtoto jina lake hili hapa," akasema, akainamia maiki, akalitamka. Jina lilianza na kidoko. Akalitamka mara mbili.

"Mama, kwa nini usimpigie simu?" nikamwuliza.

"Kwenye simu linapotea. Nitamwambia mwenyewe nikienda. Nisipofika, limo humo." Akanitaka nilirudie. Nikajaribu. Akacheka mpaka akakohoa. Nikajaribu tena, akaniwekea mkono kwenye goti. "Acha, mwanangu. Mashine itasema."

Nilirudi Dodoma kesho yake. Kipindi kilitakiwa jioni. Nikafungua kazi kwenye kompyuta, nikaona ile milio imesimama kwenye picha ya sauti kama miiba, mamia, na mkono wangu, vijana, mkono wangu haukungoja kichwa. Miaka yote ile nilifunzwa kitu kimoja: ukisikia tak, ua. Nikabofya KUNGUNI, nguvu yote. Nikasikiliza kidogo mwanzoni, penye Kiswahili. Sauti ilikuwa laini, safi, ya kupendeza, hakuna hata punje ya vumbi. Nikahifadhi juu ya ile ya kwanza. Kisha, kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo, nikafuta na kadi iliyokuwa na rekodi yenyewe. Nakumbuka nilikwenda kunywa chai nikiwa na furaha.

Kipindi kikaenda hewani. Simu ya kwanza ilitoka Chemba, mzee mmoja, mpole kabisa. "Poleni na kazi. Nilitaka kuuliza, huyo bibi ana nini? Mmemng'oa ulimi?"

Nilisimama na simu mkononi. Nilielewa hapo hapo. Nilirudi kwenye kompyuta, nikatafuta, nikamwita kijana wa kompyuta kutoka mjini akatafuta siku mbili. Hakuna kitu. Nikasema basi, nitarudi Chemba, nitamwomba radhi, atarekodi upya, nitambeba na shahidi. Nikapanga safari ya Jumatatu. Jumapili jirani yule wa Kirangi akapiga simu kusema bibi ametangulia, na wameshamzika.

Mwalimu Zainabu alikuja studioni baada ya siku zake arobaini za uzazi, mtoto mgongoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu. "Shikamoo, Mama Yona. Mama alimwambia jirani kwamba jina la mtoto umelibeba wewe. Nimekuja kulichukua."

Nilimweka kwenye kiti changu, mbele ya zile spika za bei. Kabla sijamchezea nilimweleza nilichofanya, ila nadhani hakunielewa, maana ni jambo lisiloeleweka mpaka ulisikie. Nikacheza. Sauti ya mama yake ikajaa chumba, karibu kiasi kwamba mtoto aligeuza kichwa. Zainabu akafunika mdomo. Kisha nikaona uso wake unabadilika, anainamisha sikio kama anayesikiliza mtu wa mbali.

"Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena." Pale penye jina palisikika pumzi, kimya kifupi, kisha irabu mbili.

"Wewe ulikuwepo," akasema. "Ulimsikia. Alianza hivi?" Akapiga kidoko cha kwenye meno. "Au hivi?" Akapiga cha juu, kwenye kaakaa. "Au hivi?" Cha pembeni, kwenye magego. "Maana ni majina matatu, Mama, na hayafanani hata kidogo."

Mimi niliyeishi kwa masikio yangu, ninayesikia kunguni kabla hajafika, nikaketi pale nikarudia vyote vitatu kichwani. Vyote nilivisikia sawa. Ningeweza kutaja kimoja, chochote, angeondoka na jina. Nilitamani sana. Nikamwambia, "Mwanangu, sijui."

Hakunigombeza. Alimfunga mtoto vizuri, akasema, "Si kitu, Mama," na hayo maneno ndiyo niliyostaafu nayo, wala si keki yenu.

Mtoto kwenye cheti anaitwa Rehema. Kwa upande wa bibi yake, mjomba anasema kidoko kilikuwa cha meno, kwa sababu marehemu alikuwa na shangazi wa jina hilo. Mama mkubwa anaapa kilikuwa cha pembeni. Hawaelewani mpaka leo, na kwenye shughuli za ukoo kila mmoja anamwita mtoto anavyojua. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu yuko darasa la tatu.

Mtauliza kwa nini sikuacha kazi. Nilikuwa na watoto wa kusomesha, na pia niliona anayejua mahali alipokosea anafaa zaidi kidogo kuliko asiyejua. Niling'oa ile karatasi ya KUNGUNI kwenye kitufe. Mliponikuta nikifoka kwa sababu mtu amehifadhi kazi juu ya kazi, au ametoka bila kinasa cha akiba, mlisema bibi huyu ana gubu. Gubu lenyewe limetoka Chemba. Shahidi yupo kwenye droo ya pili chini ya miksa. Nimembadilishia mpira. Msitoke bila yeye, na mkirekodi lugha msiyoijua, msiguse kitu mpaka mwenye lugha akae karibu nanyi asikilize.

Kuhusu bei: nunueni nzuri mkiweza. Nzuri ni nzuri. Mkishanunua, geukeni ukutani mara moja moja, msije mkaanza kusikiliza bei.

Nilitaka kuishia hapo, lakini juzi Zainabu alipita hapa nyumbani na Rehema. Huja mara kwa mara, sijui kwa nini ananihurumia. Mtoto akaziona hedifoni zenu mezani, bado ziko kwenye boksi. Akaomba asikie sauti ya bibi yake. Ninayo kwenye kompyuta yangu, sijawahi kuifuta, hiyo safi, na nakala yake nilimpa Zainabu kwenye simu. Nikamvisha, zikamfunika nusu ya uso.

Alisikiliza amefumba macho. Nikajua amefika penye jina kwa sababu mama yake, aliyekuwa mlangoni anavua viatu, aliisikia sauti inayovuja kwenye hedifoni, akaacha kuvua. Rehema akainua sikio moja la hedifoni.

"Bibi, hapa palipo kimya ndiyo mimi?"

"Ndiyo, mjukuu wangu. Ni hapo."

Akarudisha mwenyewe, kidole kidogo kinajua pa kubonyeza. Mara hii palipofika, akapiga kidoko cha meno, akaziba pengo. Akarudisha, akapiga cha kaakaa. Akarudisha, akapiga cha pembeni. Kila mara alimtazama mama yake, na mama yake hakutikisa kichwa wala hakuitikia. Hakuna kati yetu aliyejua. Mwishowe akazivua hedifoni, akazirudisha kwenye boksi kwa uangalifu, waya ameukunja vizuri.

"Zina sauti nzuri," akasema. "Lakini hata kwenye simu ya mama pako hivi hivi."

Nikamwambia ndiyo, pako hivyo kote.